Kamera ya Joto na Kiwele cha Mkaguzi

Buswelu, Mwanza
11 Februari 2024

Shangazi Getruda,

Shikamoo. Natumaini Maige wa kivukoni atakufikishia barua hii kabla hajaifungia karanga. Sisi huku ni wazima. Mke wangu Precious anakusalimu, na anasema wale dagaa uliotutumia wamekwisha kwa siku tatu na anayetuhumiwa ni mimi. Juzi nilikupigia simu, ukanijibu "hatununui" ukakata. Basi nimekubali kwamba masikio yako na simu hayapatani, tutaendelea kuandikiana.

Kwanza nitubu. Tangu kikao cha ukoo cha Mwaka Mpya sijakuandikia kwa sababu nilikuwa naona aibu. Baba mkubwa Mashimba ndiye aliyetamka, lakini katibu ni mimi, na ni mimi niliyeandika kwamba utabaki peke yako huko Ukerewe "maadamu anamkamua ng'ombe wake kwa mikono yake mwenyewe," na kwamba siku utakaposhindwa ng'ombe atauzwa na wewe utahamia kwetu. Ningeweza kukutetea. Kuna wakati niliinua mkono, wote wakanyamaza kunisikiliza, nami nikaomba chumvi.

Sasa habari njema. Unamjua Jitesh, yule mwenye duka la dawa za mifugo mjini. Ameniazima kamera ndogo inayochomekwa kwenye simu. Haipigi sura, inapiga joto. Penye joto panatokea njano, palipopoa panatokea bluu. Ng'ombe akianza kuumwa kiwele, pale mahali hupata joto kabla hapajavimba na kabla maziwa hayajaharibika. Jitesh amenipa miezi sita niwaonyeshe wafugaji kwamba kitu hiki kina faida. Wakikubali, ataagiza nyingine na mimi nitakuwa mtaalamu wake. Wakikataa, nitarudi kuwa Ndalahwa wa chanjo za kuku.

Nimeshaanza kazi. Nimempima paka wetu. Ni mzima, ila amenuna.

Mwanao,
Ndalahwa


Bukindo, Ukerewe
25 Februari 2024

Mwanangu Ndalahwa,

Marahaba. Barua ilifika ikiwa na chumvi ya karanga, kwa hiyo Maige alishindwa kujizuia. Mimi sijambo. Jirani yangu Rebeka amejifungua mtoto wa tatu, wa kike, na ana sauti hata mimi namsikia. Ng'ombe wangu Mkaguzi naye hajambo. Jana alimtazama mwenyekiti wa kijiji kwa namna ile yake, kama mkaguzi wa shule aliyekukuta huna maandalio ya somo, mpaka mwenyekiti akaaga kabla ya chai.

Habari za kikao usijisumbue nazo. Nilikuwepo, niliyasikia yote kwa sababu ukoo wetu hauzungumzi kwa sauti ndogo, na nilikubali mwenyewe. Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne. Siwezi kushindwa na chuchu nne.

Lakini nikuombe jambo moja, usiniandikie habari za chumba mlichonitengea. Najua mnanipenda. Najua Precious ameshanunua na mapazia. Nikihamia kwenu nitakuwa mgeni asiyeondoka. Mgeni wa hivyo hupewa kiti kizuri, huletewa chai, na hakuna anayemuuliza kitu wala kumsubiri kwa lolote. Hapa, nisipoamka saa kumi na moja, kuna mtu mwenye miguu minne atapiga kelele.

Kuhusu kamera, hongera. Ulikuwa mtoto wa kutafuta kalamu iliyo sikioni mwako. Labda mashine itakusaidia.

Shangazi yako,
Getruda


Buswelu
17 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Precious na watoto ni wazima. Mimi pia mwili ni mzima, heshima ndiyo imelazwa.

Sikiliza. Wiki iliyopita nilialikwa kwa Mzee Alexander, hapa hapa Buswelu, mwenye ng'ombe kumi na mmoja wa maziwa, wale wenye mabaka meusi na meupe. Wafugaji kama ishirini walikuja kutazama. Nilivaa koti jeupe. Nilianza saa saba mchana, kwa sababu hotuba yangu ilikuwa ndefu.

Ng'ombe wa kwanza akatokea na mabaka ya njano mwili mzima. Nikashtuka. Wa pili vilevile. Nilipofika wa tisa nilikuwa nimeshatangaza kwamba sijawahi kuona zizi lenye uvimbe wa ndani namna ile, nikaamuru ng'ombe tisa watengwe na maziwa yao yasiuzwe. Mzee Alexander alikaa chini. Mke wake akaanza kulia. Wawili tu nilisema ni wazima, na hao walikuwa wamejilalia chini ya mti.

Jioni nilipima maziwa ya wote tisa kwa ile dawa inayoganda kama maziwa yana ugonjwa. Hakuna hata ya mmoja yaliyoganda. Usiku Precious alichukua simu, akatazama picha kwa muda mfupi sana, akaniambia, "Mbona njano yote iko kwenye manyoya meusi? Hongera mume wangu, umegundua jua."

Ndivyo ilivyokuwa. Rangi nyeusi inashika joto la jua. Mtoto anayetembea pekupeku kwenye lami analijua hilo. Sasa nimeandika masharti kwenye kipande cha boksi na kukibandika mlangoni: ng'ombe apimwe kivulini, asubuhi, kabla ya kukamuliwa, na kiwele kiwe kikavu. Watu wa hapa wananiita Daktari wa Jua. Hata mchungaji.

Andika unicheke, ninastahili.

Ndalahwa


Bukindo
28 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa. Mvua ilikuwa nyingi, halafu Maige alikuwa na malaria, halafu kalamu ikaisha. Nilikucheka, usidhani nilisahau.

Hapa salama. Mtoto wa Rebeka ameanza kucheka.

Mkaguzi amepunguza maziwa. Nikimkamua anarusha mguu, na yeye hana tabia hiyo. Yale ya mbele yana mabonge madogo. Sijui kwa nini nakuandikia, pengine si kitu. Ila ukiwa na safari ya huku, si vibaya ukija na hicho chombo chako. Njoo mchana, asubuhi nina kazi.

Barua ni fupi, samahani.

Getruda


Buswelu
19 Mei 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na asante kwa kunipokea Jumamosi ile. Nimefika salama. Ule ugali na sato ulionipikia nimeusimulia nyumbani mpaka Precious amekasirika. Mimi nilikula kama sina kwetu, na wewe ulikaa tu umejifunika khanga ukisema umeshashiba.

Ingawa ulikuwa umeshamkamua nilipofika, picha zimetoka vizuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Mkaguzi alikuwa bandani, kivulini, mkavu. Robo mbili za mbele za kiwele chake zinawaka njano, mbili za nyuma zimetulia. Ile dawa ya kupimia ikathibitisha: maziwa ya nyuma yakabaki maji, ya mbele yakavutika kama kamasi. Shangazi, nimepata! Miezi miwili ya kuitwa Daktari wa Jua, na mgonjwa wangu wa kwanza wa kweli ni Mkaguzi! Sherehe yangu haina adabu, najua, maana anaumwa. Nisamehe. Jitesh nimemwonyesha picha zile mara nne. Mara ya nne alikuwa anahudumia mteja.

Maliza zile dawa siku zote tano, na maziwa usinywe mpaka zipite siku nilizokuandikia. Jambo kubwa zaidi, kila ukikamua hakikisha chuchu za mbele umezimaliza kabisa. Maziwa yakibaki ndani, ugonjwa unarudi. Kama unaona kazi ni nyingi, Rebeka si yupo? Akukamulie wiki mbili hizi.

Ndalahwa


Bukindo
9 Juni 2024

Ndalahwa,

Marahaba. Dawa ilimalizika. Mkaguzi akapona siku kumi na mbili, halafu mabonge yamerudi. Palepale mbele.

Unasema Rebeka anikamulie. Hivi unasoma unayoyaandika? Nenda kafungue daftari lako la kikao, ukurasa wa Mwaka Mpya, usome mikono ya nani.

Usije kwa sasa. Njia ina tope. Tuma dawa kwa Maige.

Salimia wote.

Getruda


Buswelu
2 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Dawa amepewa Maige, ziko kwenye mfuko wa bluu. Sasa naomba ukae chini ndipo uendelee kusoma, maana mimi nilipoligundua hili nilikaa juu ya ndoo, na ndoo ilikuwa na maziwa.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Buzuruga nampima fahali kwato. Nilikuwa nimeinama, namweleza mwenyewe kwamba uzuri wa kamera ni kuwa huna haja ya kumgusa mnyama. Fahali akanigusa yeye. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vikavimba kama ndizi. Siku hiyohiyo kijana wetu wa kukamua akaomba ruhusa ya msiba Misungwi. Precious akaniuliza kama nitaweza kumkamua ng'ombe wetu. Nikamwambia, "Mimi? Nimekamua tangu nina miaka tisa." Nikaenda bandani, nikafunga mlango ili asinione ninavyokunja uso.

Siku ya sita, kwa mazoea tu, nikampiga picha asubuhi. Robo mbili za mbele, njano. Za nyuma zimetulia. Nikadhani nimefungua picha ya Mkaguzi kwa makosa.

Ndipo nikajitazama nilivyokaa. Ulinifundisha wewe, hapo hapo bandani kwako: kaa ubavu wa kulia wa ng'ombe, mkono wa kulia chuchu za mbele, wa kushoto za nyuma, na usibadilishe, kwa sababu ng'ombe hapendi ugeni. Wangu wa kulia ulikuwa mbovu. Ulikuwa unaacha maziwa mbele kila asubuhi na kila jioni, na mimi najua, na nanyamaza, kwa kuwa naogopa mke wangu asije akasema nimeshindwa kazi ya nyumbani kwangu.

Shangazi, nilikuja kwako na chombo kinachoona joto ambalo jicho halioni. Nikala ugali wako mbele yako. Uliweka mkono ndani ya khanga kwa saa nne nzima na nikadhani unasikia baridi. Nimejicheka sana mwaka huu, lakini hili limenishinda kucheka. Nimelia, bandani, na ng'ombe akanitazama.

Sikuulizi kama katibu. Daftari liko kabatini na halitatoka mpaka useme wewe. Nakuuliza kama mtoto uliyemlea. Mkono wako wa kulia una nini?

Ndalahwa


Bukindo
21 Julai 2024

Mwanangu Ndalahwa,

Marahaba, baba.

Mkono unauma. Sentensi hiyo imenichukua miezi saba kuiandika.

Ulianza Novemba. Asubuhi vidole havikunji, na vifundo vina joto mpaka nikivigusisha shavuni navisikia. Mwaka Mpya, kaka Mashimba alipotamka lile sharti, mkono ulikuwa tayari chini ya meza, ndani ya khanga, umevimba. Nikasema, "Nakubali." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilidhani ni baridi ya ziwani, itapita.

Haikupita. Nimemkamua Mkaguzi kwa vidole viwili. Nimemkamua kwa kiganja. Kuna siku nilimwomba msamaha kwa sauti, na Rebeka akasikia kule ng'ambo ya ua akaniuliza mgeni ni nani. Nikamwambia namfundisha ng'ombe hesabu. Barua zangu zilikuwa fupi kwa sababu kila mstari niliulipia usiku. Na kila niliposhindwa kumaliza zile chuchu za mbele, nilijua ninachomfanyia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono. Mimi ndiye niliyemfanya augue yule mnyama, kwa kiburi, na yeye alikuwa ananipiga teke la kunieleza.

Niliogopa, Ndalahwa. Ninaogopa hata sasa. Ningeweza kuvumilia kukosa maziwa. Siwezi kuvumilia kukaa kwenye kiti kizuri.

Njoo na kamera yako unipige picha huu mkono, nione kama ni mimi tu ninayejidhania, halafu tukiweza twende hospitali. Barua hii ipeleke kwenye kikao cha mwezi wa nane uwasomee. Usiwape muhtasari, wewe huwa unaharibu. Wasomee yote. Mimi sitakuja, sitaki kuwaona wakinitazama mikono. Watakaloamua, utaniandikia.

Getruda


Buswelu
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Vidonge vinakwendaje? Daktari wa Nansio tuliyekwenda kumwona alisema baridi yabisi haimalizwi kwa wiki moja, kwa hiyo usivitupe ukiona siku mbili hakuna kitu. Precious anauliza kama unauloweka mkono kwenye maji ya vuguvugu.

Kikao kilikuwa jana Kisesa, nyumbani kwa Baba mkubwa Mashimba. Watu kumi na saba. Nilisoma barua yako yote. Pale penye hesabu za ng'ombe nilisimama nikanywa maji, nikaendelea. Halafu nikapitisha simu yenye ile picha tuliyopiga kibarazani kwako. Nilieleza kwamba kamera si daktari, inaonyesha joto tu, jina la ugonjwa limetoka hospitali. Nilitaja na habari za jua, kabla mtu mwingine hajazitaja.

Simu ikamfikia Baba mkubwa. Unajua macho yake. Aliisogeza, akaisogeza mbali, akauliza, "Huu moto ni nini?" Nikamwambia, "Ni vifundo vya vidole vya Shangazi." Akaishika muda mrefu mpaka kioo kikazima.

Kisha akasema, nami nayaandika kama alivyosema: "Mwaka Mpya mlinipigia kelele wote. Huyu anamtaka Getruda Buswelu, yule anamtaka Kisesa, mwingine anaona aibu watu watasema tumemtupa kisiwani. Nikawaza, nitafute sharti ambalo Getruda hawezi kushindwa nalo hata siku moja, ili mnyamaze mumwache. Nani alikuwa anataka aondoke? Mimi sikutaka. Kumbe nimemfunga kamba dada yangu mwenyewe."

Akanigeukia. "Katibu. Futa." Nikafuta. "Andika: Getruda anakaa kwake." Nikaandika. Nikauliza, kwa kuwa mimi ni mimi, "Maadamu nini, Baba mkubwa?" Akanitazama kama Mkaguzi. "Nukta," akasema.

Niliiweka nukta hiyo kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Jitesh nilimweleza ukweli pia, kwamba kwa miezi sita nimetangaza wagonjwa ishirini na watatu, wa kweli wakawa watano, na kati yao mmoja nilimsababishia mwenyewe na mwingine ni shangazi yangu. Alicheka mpaka akavua miwani. Ameniongezea muda mpaka Desemba, kwa ajili ya kile kipande cha boksi, anasema masharti yale ndiyo mtu angeyanunua. Halafu akasogea karibu akaniuliza kama kamera inaweza kutazama goti la mama yake.

Ukituhitaji, Precious na mimi tutakuja Jumamosi yoyote. Ila Rebeka uliniambia hujamweleza bado. Shangazi, mweleze.

Mwanao,
Ndalahwa


Bukindo
25 Agosti 2024

Mwanangu Ndalahwa,

Marahaba. Barua hii inaandikwa na Rebeka, ndiyo sababu ina herufi za duara. Mimi nimekaa pembeni, mkono uko kwenye beseni, na ninamrekebisha. Anasema nimpunguzie ukali. Nimemwambia aandike na hilo.

Nilimweleza. Nilijiandaa siku nne, nikatunga na hotuba. Nilipofika katikati alinikatiza akasema alijua tangu Pasaka, ila aliona ninavyojitahidi kuficha akaona si adabu kujua.

Sasa tunamkamua wawili. Rebeka anakaa ubavu wa kulia anashika za mbele, mimi nakaa ubavu mwingine nashika za nyuma kwa mkono wangu mzima. Siku ya kwanza Mkaguzi aligeuza kichwa kututazama mmoja mmoja, kwa dharau kubwa, kisha akaendelea kula. Maziwa ya mbele ni safi, wiki ya pili leo. Mtoto tunamlaza kwenye khanga hapo karibu, na yeye ndiye anayetupigia kelele.

Barua yako niliisoma mwenyewe, peke yangu. Nilipofika kwenye "Nukta" nililia, kwa furaha na kwa hasira. Miezi saba! Mwambie kaka Mashimba kwamba ni mjinga, na kwamba nampenda, na siku nyingine aanze kwa kusema lililo moyoni mwake. Mimi ni mjinga zaidi yake. Nilinyamaza ili nisipelekwe ambako yeye mwenyewe hakutaka niende.

Kile chumba chenu wekeni kuku.

Nilitaka kuendelea, lakini Rebeka ameweka kalamu chini na kuchukua ndoo. Saa ya kukamua imefika, na wananisubiri.

Shangazi yako,
Getruda